Aliyefeli 1994 Si Wewe

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kifungu hichohicho kinamhesabu mtu kuwa mzee akifika 60. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kutoka 35 hadi 60 kuna miaka 25 ambayo katiba haikuipa jina. Mikopo ya vijana imekupita, pesa za wazee za Inua Jamii zinaanzia miaka 70, na mkutano ukiitishwa kwenye ukumbi wa mtaa, vijana wakaambiwa wakae huku na wazee kule, wewe unabaki umesimama karibu na mlango ukijifanya unaongea na simu.

Ndugu yangu wa Mbotela, nawe dada yangu wa Makongeni, Kaloleni, Hamza, Maringo na Jericho, hapa Eastlands, Nairobi, makala haya ni yenu nyinyi wa mlangoni. Sikuja kuwapa pole. Miaka 25 ni zaidi ya mara mbili ya ile miaka 12 mliyokaa darasani kutoka la kwanza hadi kidato cha nne. Ndani ya muda huo mtu anaweza kuanza jambo, akalikosea, akaliacha, akaanza lingine, na bado akabakiwa na miaka ya kulifaidi. Muda upo. Shida ni kwamba kuna mtu unayemwomba ruhusa kabla ya kujaribu lolote jipya, na mtu huyo ana miaka 18. Hajawahi kulipa kodi ya nyumba, hajazika mzazi, hajalea mtoto hata mmoja. Mtu huyo ni wewe wa zamani.

Tuanze na cheti. Mfumo wa 8-4-4 uliingia 1985 na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Aliyeketi kwenye mtihani huo mwaka 1994 akiwa na miaka 18 sasa anagonga 50. Kaa naye kwenye kibanda cha chai, mwambie kuna kozi ya miezi sita ambayo ingemfaa. Hujamaliza sentensi ameshakujibu: "Ah, mimi vitabu vilinikataa. Nilipata D." Anaitaja hiyo D kama anayetaja kundi lake la damu.

Lakini hebu tuitazame vizuri. Iliandikwa katika wiki chache za mwisho wa mwaka, na mtoto aliyekuwa akisoma kwa taa ya mafuta ndani ya chumba kimoja cha kaunsili, ndugu zake wanne wakilala sakafuni karibu na miguu yake, na kitabu kimoja cha fizikia kikizunguka madawati matatu. Isitoshe, mwaka 1990 Kenya nzima ilikuwa na vyuo vikuu vinne tu vya umma: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Mtihani ulikuwa na kazi ya kuchuja watoto wengi mno wapate kuenea kwenye nafasi chache mno. Ukaifanya kazi hiyo, ukaimaliza. Hakuna aliyeutuma kupima utakachoweza kufanya ukiwa na miaka 48, na wenyewe haukujaribu. Ni wewe uliyeuongezea muda wa kazi, miaka thelathini sasa, uendelee kukuhukumu kila asubuhi.

Anayenishangaza zaidi ni yule mama wa chama. Kila mtaa unaye. Atakuambia hesabu zilimshinda tangu darasa la sita, na kwamba mwalimu alilisema hilo mbele ya watu. Kisha Jumapili alasiri anafungua daftari lake la kava gumu ambalo amelipiga mistari kwa rula: jina, mchango, mkopo, riba, faini. Wanawake ishirini wamemkodolea macho. Fulani alikopa 5,000 kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi, mwisho wa mwezi wa kwanza akarudisha 3,000, mwisho wa mwezi wa pili anadaiwa ngapi? Wewe unatafuta kikokotoo kwenye simu. Yeye ameshasema: "2,750, na faini ya kuchelewa hamsini." Halafu anageukia mkopo mwingine. Mwisho wa mwaka wanagawana, hakuna shilingi iliyopotea, hakuna aliyegombana na mwenzake.

Huyo ni mhasibu. Analala na kuamka akiamini kwamba hajui hesabu, kwa sababu mtoto wa darasa la sita anaaminiwa kuliko daftari lililo mkononi mwake. Mwambie aende akasomee cheti cha uhasibu atacheka hadi afute machozi kwa leso. Mimi sioni cha kuchekesha. Naona mshahara aliokosa.

Mtaa nao husaidia kumfunga mtu hapo, na Eastlands ndiyo zaidi. Nyumba zimeshikana, mlango unatazamana na mlango, ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubuhi. Uzuri wake tunaujua sote: hakuna anayefiwa hapa akabaki peke yake, mchango utapita mlango kwa mlango hadi jeneza lipatikane na basi la kwenda nyumbani lijazwe mafuta. Ubaya wake ni kwamba ukishapewa jina, unalo. Utakutana na mwanamume mwenye mvi, babu wa wajukuu wawili, anaitwa Kipa. Mara ya mwisho kudaka mpira wa ligi ya mtaa ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Mwingine anaitwa Konda, na ni zamani aliposhuka mlangoni mwa matatu. Mwingine aliacha pombe kabla ya korona, lakini akipita penye drafti, pale vifuniko vya soda vinapogongwa kwenye ubao, anaitwa kwa jina la kinywaji alichokuwa akinywa. Wanacheka. Naye anacheka nao, maana afanyeje?

Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyetuaga Februari 2025, aliuliza swali moja kwa zaidi ya nusu karne: Je, huu ni ungwana? Swali hilo lingefaa kubandikwa juu ya ule ubao wa drafti.

Na kwa kuwa tumelitaja jina hilo, mtaa wenyewe umeitwa kwa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa. Hao wawili ni wa ukoo wa Freretown kule Mombasa, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watu walitua pale wametolewa kwenye majahazi, wengine wakiwa watoto wasioweza hata kueleza kwao ni wapi. Mwaka 1934 James Mbotela akachapisha kitabu kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kusimulia yaliyowapata wazee wake. Hebu pima umbali huo. Watu waliouzwa sokoni, kisha mwandishi anayekieleza kisa hicho kwa kalamu yake, kisha mwanasiasa wa jiji kuu, kisha sauti inayotambulika nchi nzima ikisema neno moja tu. Ukoo huo ungeendelea kujiona kwa jina la kwanza ulilopachikwa, wewe leo ungekuwa unashuka stegi yenye jina lingine.

Sasa najua atakayeniletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Waliosema hivyo walikuwa wakizungumza na wazazi juu ya malezi ya watoto. Hawakuwa wakimwandikia mtu wa miaka 45 kibali cha kutojifunza. Halafu wewe mwenyewe umeshaivunja methali hiyo mara kadhaa, na ushahidi uko mfukoni mwako. Machi 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, watu wazima wengi walisema pesa za ndani ya simu ni mambo ya vijana. Leo nyanya wa miaka 70 anauza sukuma kwa namba ya till, hakupi fungu lako mpaka asome ujumbe kwamba pesa zimeingia, na tapeli akimpigia kudai kuna pesa zilizotumwa kimakosa, atamsomea hadi akate simu mwenyewe. Ikaja iTax. Ikaja eCitizen. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikatolewa ikaingia SHA, tukapangana tena kujisajili. Hakuna aliyeuliza kama una umri wa kujifunza. Ulijifunza kwa sababu pesa yako ilikuwa ndani.

Kwa hiyo usiniambie kichwa kimekauka. Kichwa kinafanya kazi kila siku kwa mambo uliyolazimishwa na serikali na makampuni ya simu. Hakijapewa nafasi kwa jambo moja ulilolitaka wewe.

Wapo waliolipima suala hili kwa idadi. Januari 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, uliohusisha zaidi ya watu 19,000 wa miaka 18 hadi 68. Baadhi waliulizwa wamebadilika kiasi gani katika miaka kumi iliyopita. Wengine waliulizwa wanatarajia kubadilika kiasi gani katika kumi ijayo. Jibu lilikuwa lilelile kwa kila umri. Nyuma walikiri mabadiliko mengi. Mbele waliona machache tu. Wa miaka 20 alidhani ameshafika, wa 35 akadhani hivyo, wa 50 vivyo hivyo, na wote walikuwa wakikosea kwa namna moja. Kila mtu anaamini kwamba ameishi hadi leo ili leo iwe ndiyo siku ya kumalizika kuumbwa. Soma hilo tena utakapojisikia ukisema, "Mimi ndivyo nilivyo."

Na kwa wanaotaka kusikia habari za ubongo wenyewe, mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walitoa matokeo ya watu wazima waliowafuatilia jijini London wakijiandaa kupata leseni ya teksi. Mtihani huo unamtaka mtu abebe kichwani mitaa ipatayo 25,000. Waliofaulu walipopigwa picha za ubongo, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu ya mahali ilikuwa imeongezeka. Walioanguka mtihani haikuongezeka, na wasiojaribu haikuongezeka. Dereva yeyote wa Jogoo Road anayejua njia zote za panya kutoka Maziwa hadi Muthurwa saa kumi na moja jioni angeweza kuwaambia hivyo bila mashine, lakini si vibaya kupata ushahidi.

Basi kama si muda na si kichwa, ni nini? Ni aibu. Tuliseme tu.

Kijana wa miaka 22 akiuliza swali la kijinga darasani, anajifunza. Wa miaka 47 akiuliza lilelile, masikio yanapata moto. Anayefundisha kompyuta ni mtoto uliyekuwa ukimnunulia mandazi, mamake anakaa mlango wa tatu kutoka kwako, na unajua kabisa jioni habari itafika. Tena sisi wenyewe tulichukua elimu ya watu wazima tukaiita ngumbaru, tukaifanya ya kuchekea kwenye matangazo na vichekesho, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayetaka kuonekana na daftari akielekea huko. Mtu yuko tayari kubaki bila kujua miaka ishirini kuliko kuonekana hajui dakika ishirini. Na methali ya kweli ya jambo hili ni ile nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwa mtu mzima kunauma mgongo, sikatai.

Aibu hiyo ilikutana na mtu mmoja ikamkosa. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Mwai Kibaki kufuta karo ya shule za msingi, Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama sare ilivyotaka. Wajukuu wake wawili walisoma shule hiyohiyo. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: alitaka aisome Biblia mwenyewe badala ya kutegemea wahubiri, na alitaka ajue kuhesabu pesa asipunjwe siku wapiganaji wa Mau Mau watakapolipwa fidia. Mwaka 2005 alichaguliwa kiranja, na Septemba mwaka huohuo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, hadi New York, kuzungumza juu ya elimu ya bure kwenye Umoja wa Mataifa.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikamtoa kwake. Mali yake ikaibiwa, akaishi kambini, na bado alitembea kwenda darasani. Juni 2008 akaletwa Nairobi kwenye makao ya wazee. Hapo ndipo habari yake inapoingia Eastlands, na ni sehemu ambayo wengi hawaisimulii: mzee yule, mgonjwa, aliyepoteza kila kitu, alijiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Ni safari ya matatu mbili tu kutoka hapa. Mei 2009 alibatizwa palepale Kariobangi akachukua jina la Stephen. Akafariki Agosti mwaka huo.

Wapo wanaouliza ilimfaa nini, maana hakufika hata kwenye KCPE. Hao sijui wanahesabu kwa kipimo gani. Mtu wa miaka 89 anachukua jina jipya, na wewe wa 46 unaona ni kuchelewa kumwambia jirani asikuite Konda?

Sisemi kila mtu arudi darasa la kwanza. Kwa wengi cha kubadilisha ni kidogo zaidi ya hapo, na kigumu zaidi: ni jibu la swali "wewe ni nani?" Makongeni palikuwa pa watu wa reli. Novemba 2006 uendeshaji wa treni ulipokabidhiwa Rift Valley Railways, kuna waliojikuta nje baada ya kulitumikia shirika tangu ujana. Mmoja alikaa miaka kumi akijitambulisha kuwa mtu wa reli, akingoja mwito ambao haukuja. Mwingine alichukua kipaji kilekile cha kuchomelea mabehewa akakipeleka kwenye milango na madirisha. Mikono ni ileile, moto ni uleule. Wa pili alikubali kuwa fundi; wa kwanza alibaki kuwa aliyekuwa.

Wangari Maathai alipitia jaribu hilo pia. Alizaliwa Aprili 1940. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata. Mwaka 1982, ndoa imeshavunjika na watoto watatu wanamtegemea, aliacha kazi ya uhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea. Chuo kikakataa kumrudisha, akatakiwa kuhama nyumba ya kazi. Kazi, cheo na makao, vyote alivyovitumia kujieleza mbele ya watu, viliondoka kwa mpigo akiwa na miaka 42 hivi. Angeweza kutumia muda uliobaki akiwa profesa aliyedhulumiwa, na asingekuwa anasema uongo. Alichofanya ni kuishika ile kazi ya miche aliyoianzisha 1977, iliyokuwa shughuli ya pembeni, akaifanya kazi yake ya kila siku. Bungeni aliingia 2002. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia 2004, ana miaka 64. Usinijibu kwamba yeye alikuwa na shahada. Ndiyo, alikuwa nayo, na haikumzuia kutolewa kwenye nyumba.

Sasa nije kwako fundi. Wewe unayesikia Probox ikipita barabarani ukasema "hiyo ni tappet" hata kabla haijakata kona. Kila kampuni ikitangaza kazi unasema hao wanataka karatasi. Karatasi inapatikana. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, iko Commercial Street, Industrial Area. Kutoka Mbotela unavuka reli, njia ileile wanayopita wafanyakazi wa viwandani kwa miguu kila alfajiri. Pale hutolewa mitihani ya ufundi kwa gredi tatu: unaanzia ya tatu, unapanda hadi ya pili, kisha ya kwanza. Umakanika, uchomeleaji, umeme wa nyumba, mabomba, useremala, uashi, ushonaji, ususi. Unapimwa zaidi kwa kazi ya mikono yako. Hakuna atakayekuuliza fizikia ya 1994. Gredi ya tatu isikutie haya. Ni mlango, na milango huwa chini. Kuna pia mamlaka inayosimamia vyeti nchini, KNQA, ambayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini bila kukaa darasani.

Na ukitaka sababu ya kufanya haraka, tazama barabarani. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kuonekana Nairobi 2022, na boda za umeme sasa zimeegeshwa kwenye kila stegi. Kijana aliyetoka chuoni anajua umeme lakini hajawahi kulala chini ya gari kwenye mvua akitafuta kinacholia. Wewe unajua breki, sasipensheni, bodi, na tabia za abiria wanaoning'inia mlangoni. Ukiongeza umeme juu ya hayo, utatafutwa kuliko yeye. Huo ndio utamu wa kujifunza ukiwa wa makamo: hujengi kuanzia mchangani, nyumba ya chini ilishasimama.

Aliyeishia njiani shuleni, baraza la mitihani, KNEC, husajili watahiniwa wa kibinafsi kila mwaka, na kule haulizwi mtu mvi zake. Wa kusoma anahitaji meza: maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, zilifanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, na ziko karibu na mlango wako kuliko baa unayoijua.

Najua basi unachosema moyoni. Kodi, karo ya mtoto wa sekondari, mgongo, mama mgonjwa kijijini. Ni kweli yote. Ndiyo sababu siwapendi wahamasishaji wanaokusanya watu ukumbini, wakalipisha kiingilio, kisha wakawaambia waache kazi wakafuate ndoto. Aliyesema hivyo atapanda gari lake aende zake, wewe utabaki na mwenye nyumba. Usiache kibarua. Jioni mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na unazo. Zipo pale penye drafti.

Chagua jambo moja, moja tu. Usilitangaze. Ukiona aibu inakuzidi nguvu, kajifunze mtaa mwingine: panda matatu hadi Donholm au Umoja, ingia darasa ambalo hakuna anayekujua kama Kipa, na ukiulizwa jina taja lile la kwenye kitambulisho. Utashangaa linavyosikika. Wiki ya tatu au ya nne utakosea vibaya mbele ya watu, na ile sauti ya zamani itasema, "Si nilikuambia?" Ijibu. Iambie ilikuwa na miaka 18, ilijitahidi kwa ilichokuwa nacho, na sasa ikae pembeni watu wazima wafanye kazi.

Nanyi mnaobaki mtaani mna kazi yenu. Mume akirudi na daftari, mama usimcheke mbele ya watoto. Mke akisema Jumamosi ana darasa, baba nenda ukapike ugali, hutakufa. Na wewe unayesogeza vifuniko vya soda, yule bwana akipita leo jioni, aliyeacha pombe miaka sita iliyopita, mwite kwa jina lake.

Kwako uliyesoma hadi hapa: Jumatatu ofisi zinafunguliwa saa mbili asubuhi. Beba kitambulisho, vuka reli.